Fleti ya ghorofa ya tano Michenzani: upepo safi, maji ndiyo mtihani

Anayetaka kukodi juu kwenye mabloki ya Michenzani, mjini Unguja, aanze na maji, maana hayo ndiyo yanayoamua kama utakaa au utahama. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya bari 1. Mchana majirani wa chini wakifungua mifereji, huko juu hupati tone. Maji hupanda usiku watu wakishalala. Kabla ya kutoa kodi, nenda jioni wakati wa kupika, fungua mfereji wa jikoni na wa chooni kwa pamoja, uone.

Dawa yake ni matangi mawili, moja chini la kupokea na moja juu, na mota ya kusukuma maji katikati. Usinunue mota kwa kuangalia nguvu za farasi tu. Soma kwenye kibati chake inasukuma mita ngapi: kwa ghorofa ya tano mimi nachukua ya mita 30, kwa sababu viwiko na bomba la nusu inchi vinakula nguvu nyingi. Funga bomba la inchi moja, vali ya kuzuia maji yasirudi, na swichi ya boya kwenye tangi la chini, izime mota maji yakiisha. Bila hiyo mota itazunguka kavu na sili itaungua. Kuiunga moja kwa moja na bomba la mtaa ni dhuluma kwa jirani, tena inavuta maji machafu penye mipasuko. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, basi likae pale penye ukuta chini yake, si katikati ya zege.

Weka na madumu ya akiba. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari: mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani tena. Waya mkubwa wa 2013 umesaidia sana, lakini tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku mota nayo imelala.

Majengo haya yalianza miaka ya 1970, zama za Mzee Karume, na hewa ya chumvi haijayaacha. Gonga dari ya baraza kwa mpini wa ufagio. Ikilia tupu, au ukiona mstari wa rangi ya kutu, nondo zimeshavimba ndani. Kupiga plasta juu yake ni kupoteza pesa, itabanduka masika ya pili. Ichimbwe mpaka chuma kisafi, kipigwe brashi na dawa ya kutu, ndipo izibwe.

Upepo lakini, hakuna wa kulinganisha. Fungua madirisha ya pande zote mbili, kaskazi na kusi vyote vinapita, feni inapumzika. Sokoni Darajani unakwenda kwa miguu. Lifti hakuna, kwa hiyo chukua mtungi wa gesi wa kilo 6, na mzee anayeumwa magoti mtafutieni ghorofa ya kwanza.