Duka la kujaza flashi Ngamiani: kriketi ya zamani ipo, ila kagua kabla hujalipa

Jina la duka silitaji maana nitalisifia na nitalisema pia, ila wenyeji wa Tanga mtalijua tu, ni moja ya yale ya kujaza muvi kwenye flashi pale Ngamiani, ndani ndani kwenye barabara za namba, feni moja inazunguka kwa shida na kina dada wamepanga foleni wanasubiri tamthilia za Kituruki. Wengi hawajui kwamba yule kijana wa kaunta ana folda kubwa ya kriketi ya zamani. Buku tatu unajaziwa giga 32, flashi ya kwako, na akishaona wewe ni mtu wa kriketi anakuongezea vitu wala hakudai.

Mzigo wenyewe si mchezo. Kuna kipande cha Ranjitsinhji, mpigaji wa Kihindi aliyechezea England, akifanya mazoezi, cha 1897, kifupi mno lakini kipo. Kuna Bradman, mpigaji wa Australia, kuna Sobers wa West Indies (timu ya visiwa vya Karibi) akimpiga mrushaji Malcolm Nash sita mara sita kwenye ova moja, yaani mipira yote sita kaitoa nje ya mpaka bila kugusa chini, pale Swansea 1968 (ule mpira wa tano mtu kaudaka kabisa halafu akaanguka nao nje ya mpaka, ikahesabiwa sita), kuna Holding, mrushaji wa kasi wa West Indies, pale The Oval 1976 akichukua wiketi 14, yaani katoa wapigaji 14, kwenye mechi moja, tena uwanja umekauka, hauna msaada wowote kwa mrushaji wa kasi. Hapo duka napa maua yake.

Sasa shida. Nimefungua faili moja la Sobers nikaona jamaa anapiga kulia. Sobers! Mtu wa mkono wa kushoto dunia nzima inajua. Kumbe aliyeipandisha mtandaoni kaigeuza picha kama kwenye kioo ili isifutwe kwa ajili ya hakimiliki, na kijana kaipakua hivyo hivyo hakuangalia. Kwa hiyo ukifika pale mwambie akufungulie faili kwanza, tazama mabango na ubao wa matokeo, maandishi yakisomeka kinyumenyume achana nalo. Nyingine zimevutwa zijae kwenye TV za siku hizi, Joel Garner, mrushaji wa West Indies mwenye futi 6 na inchi 8, anaonekana mfupi mnene. Hiyo unairekebisha mwenyewe kwa rimoti, weka 4:3 basi. Halafu zile filamu za kimya za miaka ya nyuma zinakimbia mno, watu wanatembea kama wamemwagiwa upupu, sasa ukimwona mrushaji wa enzi hizo anakuja mbio utajuaje kasi ipi yake na ipi ya mashine?

Ila kilichonikera kweli ni faili limeandikwa KAPIL DEV 175. Jamani hiyo kitu haipo. Tunbridge Wells 1983, Kombe la Dunia, India dhidi ya Zimbabwe, India wameshapoteza wapigaji watano kwa mikimbio (pointi) 17, Kapil, nahodha wao, akapiga 175 hajatoka, na BBC hawakuwa na kamera uwanjani siku hiyo. Hakuna video, si Tanga si London. Ukifungua lile faili unakuta ni fainali ya mwaka huo huo na West Indies pale Lord's, utaijua fasta kwa sababu Kapil anakimbia kinyumenyume anadaka mpira uliopigwa na Viv Richards. Nikamwambia kijana, akacheka tu, "anko, wateja wanaipenda." Haya.

Huwa nazitazama na mzee mmoja jirani yangu, Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Tanga, Kiswahili chake kinakushinda wewe, na yeye akishakaa kwenye kiti neno lake ni moja tu, Sobers. Mikimbio 8,032, wiketi 235, anarusha kasi, anarusha spini (mpira wa kuzungusha), anadaka, "mwanangu, utamtoa wapi mwingine?" Mimi namwambia sawa mzee, lakini klipu hizi zinaonyesha mipira iliyoenda mpakani tu, ile aliyoiacha ipite na ile iliyomsumbua wameikata yote, kwa klipu za namna hii hata mimi naweza kuonekana hodari. Na huyo Bradman ndiyo kabisa, wastani mikimbio 99.94 kila akitolewa, jumla karibu elfu saba, halafu tulichobakiwa nacho ni vipande vifupi vya habari za sinema, na kinachochezwa zaidi ni ile siku ya 1948 Hollies wa England anamtoa kwa sifuri. Mtu unamhukumuje kwa hivyo? Bora usome namba uende zako.

Na hata mechi ndefu zina upofu wake, hilo si kosa la duka. Miaka ya 60 na 70 kamera za BBC zilikaa upande mmoja wa uwanja, na ova hurushwa kwa zamu kutoka pande mbili, kwa hiyo ova moja unaona mpira unavyopinda, ova inayofuata unaangalia mgongo wa mpigaji. Hadi Packer, tajiri wa TV, alipoanzisha mashindano yake Australia 1977 ndipo kamera zikawekwa pande zote mbili. Ndiyo maana kitu kizuri kuliko vyote kwenye folda ile, kwangu mimi, ni ova moja ya Holding kwa Boycott, mpigaji wa England, Bridgetown 1981. Haijakatwa, mipira yote sita ipo. Boycott kumtoa ni kazi ya kutwa, lakini unamwona anavyobanwa, anarudi nyuma, anajikunyata, halafu wa sita unang'oa kigingi kinaruka huko, sifuri. Hapo unaweza kuhukumu, umeona kesi yote.

Wangu mimi ni Malcolm Marshall, mrushaji wa kasi wa West Indies, na sibadiliki. Si mrefu kama wenzake lakini wiketi 376, wastani mikimbio 20.94 kwa kila wiketi, na hapo kidogo ndiyo bora. Lile faili la Headingley 1984 lichukue hata kama utafuta mengine yote, mkono wa kushoto una plasta, anapiga kwa mkono mmoja ili mwenzake Gomes afikishe mia, halafu anarudi kurusha na plasta yake anachukua wiketi saba kwa mikimbio 53. Mzee akafikia mahali akanyamaza, kisha akaniuliza kama Marshall alikuwa anarusha spini.

Cha kwetu kipo kidogo, Kenya na West Indies pale Pune 1996, West Indies wote nje kwa mikimbio 93, ila ni wiketi tu tena wameipachikia muziki wa kelele. Nimemwagiza kijana anitafutie ova kumi za Maurice Odumbe wa Kenya zote, alizotoa mikimbio 15 akachukua watatu. Kanambia nirudi Jumamosi. Duka nalipatia nyota tatu na nusu. Nenda asubuhi kabla ya wateja wa tamthilia hawajajaa, na Ijumaa mchana usihangaike, wanafunga.