Kengele za mwanga kwa asiyesikia: ipi ununue kwanza

Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukaulizia kengele ya mlangoni yenye taa, mara nyingi utaletewa boksi linalojisifu kwa milio chungu nzima, na ndani yake kidude chenye duara la buluu linalowaka mtu akibonyeza. Hilo duara ni pambo tu. Kwa kiziwi, au mzee ambaye masikio yamepungua nguvu, milio haina kazi, na taa hiyo hataiona akiwa ameipa mgongo. Anachohitaji ni mwanga unaopiga ukuta mzima, kiasi kwamba hata aliyeinama anachambua mchele anajua kuna mtu getini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muuzaji akichomeke kwenye soketi, wewe geuka utazame ukuta, yeye abonyeze. Ukuta usipobadilika, mrudishie. Jaribu mchana mwanga ukiwa mwingi, kwa sababu gizani kila taa inaonekana kali.

Vifaa nimevipanga nikimfikiria mtu mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu kwa sasa.

Nafasi ya kwanza naipa kengele isiyotumia waya yenye taa kali, ambayo kipokezi chake kinatumia betri au kinachajiwa. Kitufe kinakaa getini, kipokezi kinakaa ndani, na mwenyewe anahama nacho kutoka sebuleni hadi jikoni. Umeme ukikatika kinaendelea kufanya kazi, na kwa mitaa yetu hilo peke yake linatosha kukipa ushindi dhidi ya kile kinachotegemea soketi.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa uwanjani pasipo kizuizi. Kuta za tofali na nondo zinaupunguza sana. Tena kitufe kisibandikwe kwenye geti la chuma, maana bati linazuia mawimbi. Kifunge kwenye nguzo ya ukuta, chini ya kijipaa kidogo kisilowe mvua. Ukitaka vitufe viwili, kimoja cha geti na kingine cha mgonjwa kitandani, uliza kama taa inawaka tofauti kwa kila kimoja. Vingi vinatofautisha kwa mlio tu, na hapo asiyesikia anabaki kubahatisha.

Nafasi ya pili ni seti kamili: kipokezi kimoja kinachopokea taarifa za mlango, kilio cha mtoto na kitambua moshi, pamoja na kitetemeshi cha kuweka chini ya mto au godoro. Ni ghali, ndiyo maana sikuiweka juu. Lakini kwa anayelala peke yake, au mama kiziwi mwenye mtoto mchanga, naomba iwe ya kwanza hata kama itabidi ndugu wachangiane. Usiku mashine za kusikia zimevuliwa na macho yamefumbwa. Tafiti za kuwaamsha watu wasiosikia vizuri zimeonyesha kuwa mtetemo wa kukatika-katika kitandani unaamsha wengi zaidi kuliko taa ya kumulika ikiwa peke yake. Anayekuuzia taa tupu kwa ajili ya moto usiku anakuuzia nusu ya kinga. Na kama nyumbani mnapikia mkaa ndani, kitambua moshi cha kawaida hakigundui gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kifaa chake ni kingine, nacho kiwe kinaweza kuunganishwa na kipokezi hicho hicho.

Seti hizi zinatengenezwa na kampuni kama Bellman & Symfon ya Sweden, au Sonic Alert na Silent Call za Marekani. Ndugu akikutumia kutoka Marekani, soma maandishi madogo kwenye adapta: ikiwa imeandikwa 100-240V, iko sawa, ikiwa ni 120V tu, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza. Vipande vyote viwe vya mfumo mmoja, kwa kuwa kitufe cha masafa ya 433 MHz hakisomwi na kipokezi cha 868 MHz. Kipande cha kukujulisha simu ya mezani ikiita usikilipie, nyumba nyingi huku hazina simu hiyo.

Ya tatu ni njia ya fundi umeme: swichi ya kengele nje, balbu sebuleni. Viziwi wameitumia miaka mingi, inamulika kuliko vidude vingi vya dukani, na gharama yake si kubwa. Sharti langu ni moja, nalo silegezi: waya wa getini uwe wa volti ndogo, kama 12, unaoamsha rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) iliyo ndani. Umeme wa 230 kwenye kitufe kinacholoa mvua unaua. Mwenye sola ya volti 12 anaweza kuwasha balbu ya volti hizo moja kwa moja, na mgao haumgusi.

Simu naiweka ya nne. Haina gharama, basi iwashe leo: iPhone na Android nyingi zina mpangilio wa kuwasha taa ya kamera ujumbe au simu ikiingia, na zinaweza kutambua sauti kama kengele ya mlango au kilio cha mtoto. Apple wenyewe, wanaotengeneza iPhone, wanaonya usiutegemee utambuzi huo wa sauti wakati wa hatari. Balbu za Wi-Fi, zinazowashwa kupitia intaneti ya nyumbani, ni za mwisho kabisa. Umeme ukikatika, balbu na ruta vinazima pamoja.

Kama nyumbani kuna mwenye kifafa, muulizeni daktari kwanza. Mwanga unaomulika kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio unaoweza kuamsha degedege kwa wale wanaoathiriwa na mwanga. Chagua taa ya mapigo ya polepole, au mtetemo mtupu.

Na ukiweza, kabla ya kuagiza seti ya bei kubwa, waulize wanachama wa vyama vya viziwi, CHAVITA upande wa Tanzania au KNAD upande wa Kenya. Aliyeishi na kifaa mwaka mzima atakuonyesha kinavyowaka kwake, na atajua betri zake zinapatikana wapi.