Kopo la vanila, supu ya mama na siku 14 kabla ya upasuaji

Kila anayesikia nimepunguzwa mfuko wa chakula huniuliza upasuaji uliuma kiasi gani. Upasuaji nililala, nikaamka, nikapewa dawa za maumivu. Kilichonidai nguvu ni siku 14 za kabla yake, za kunywa tu bila kutafuna chochote. Nilitafuta maelezo yake kwa Kiswahili nikayakosa, ndiyo maana leo naandika tathmini ya vitu vitatu vilivyonivusha: unga wa protini, huduma ya dada wa lishe, na supu ya kuchuja.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, nina miaka 43 na watoto watatu. Siku napangiwa tarehe nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 162, kisukari cha miaka sita, na presha. Upasuaji wangu ni ule unaoitwa sleeve: kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula kinakatwa na kutolewa, unabaki mwembamba mfano wa ndizi.

Daktari wa upasuaji alichukua karatasi akanichorea. Ini, upande wake wa kushoto, linalalia juu ya mfuko wa chakula. Wengi wetu wenye uzito huu ini letu lina mafuta, limevimba na ni zito. Na upasuaji wenyewe hufanywa kwa matundu madogo, kamera ikiingia tundu moja na vyuma vikiingia mengine, kimoja kikiwa na kazi ya kulinyanyua ini ili daktari aone anapokata. Ini kubwa halinyanyuki vizuri, na likilazimishwa linaweza kuchanika likavuja damu. Ikifika hapo, ama wanafungua tumbo kwa mkato mrefu, ama wanasitisha kazi wanakurudisha wodini. Akaniambia, "Mama, hizi wiki mbili si za kukukondesha. Ni za kunifungulia njia mimi." Maneno hayo niliyashika, na kila nilipotaka kuvunja mlo niliyarudia.

Ini linapunguaje kwa siku 14? Dada wa lishe alinieleza kwamba ini huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga na sukari, mwili unaila akiba, maji yanatoka, kisha mafuta ya kwenye ini nayo yanaanza kuchomwa. Kwa hiyo mlo si "majimaji yoyote". Mlo wangu ulikuwa karibu kalori 800 kwa siku, protini isipungue gramu 70, maji lita mbili.

Hapa ndipo familia ilipochanganyikiwa. Mama yangu alikuja siku ya kwanza na bilauri ya uji wa ulezi, ameutia maziwa na iliki. "Mwanangu, uji nao si maji?" Ilibidi nimkalishe nimweleze polepole. Uji ni wanga. Juisi ya embe, maji ya miwa, madafu, soda, asali, vyote vinalijaza ini upya. Mama alisikitika, akaunywa ule uji yeye mwenyewe kimyakimya, halafu akauliza: "Basi unaruhusiwa nini mimi nikupikie?" Swali hilo ndilo lililoniokoa, nitalirudia.

Kwanza unga. Kopo la mwanzo nililinunua duka moja mjini la vifaa vya mazoezi. Nilimwambia kijana nataka protini, naenda kufanyiwa upasuaji wa uzito. Akanipa kopo kubwa, akanihakikishia ndilo linalouzika. Nikalinywa siku nne kwa uaminifu. Sukari yangu, badala ya kushuka, ikapanda mpaka 17 (mmol/L). Nikashtuka, nikarudia kumeza gliclazide, kidonge cha kushusha sukari ambacho daktari alikuwa amenisimamishia kwa ajili ya mlo huu. Sikumuuliza mtu.

Siku ya nne usiku nilimtumia dada wa lishe picha ya kopo kwa WhatsApp. Alinipigia papo hapo. Lile lilikuwa kopo la vijana wanaotaka kuongeza mwili. Kipimo chake kimoja cha kunywa kilikuwa na kalori zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za wanga. Maelezo yote yalikuwepo ubavuni mwa kopo, kwa Kiingereza na Kiarabu. Hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Mtu wa kawaida wa Mbagala au Tandale, mgonjwa, ameshika kopo la shilingi 160,000, atajuaje? Jambo hili linaniuma hadi leo. Tarehe ya upasuaji ikasogezwa mbele, tukaanza kuhesabu upya.

Kopo la pili alinichagulia yeye: protini ya whey, yaani ya maziwa, ile ambayo kwenye kopo imeandikwa isolate, ladha ya vanila, gramu 900, nikalipata duka la dawa kwa shilingi 145,000. Kijiko kimoja kina gramu 24 za protini, kalori 120, na sukari ndogo sana. Neno hilo isolate litafute, hasa kama tumbo lako halipatani na maziwa kama langu. Whey ya kawaida hubaki na sukari ya maziwa nyingi zaidi, ile inayotujazia gesi wengi wetu. Tazama pia alama ya halali. Na jeli zisizo na sukari, ambazo wengine huruhusiwa, uliza jelatini yake imetokana na mnyama gani kabla hujanunua.

Ladha? Vanila inanyweka. Siku tatu za mwanzo ina utamu unaobaki kooni, ule wa sukari bandia, baadaye unauzoea. Niliionja ya chokoleti kwa jirani, nzito na chungu, siipendekezi. Kosa nililolifanya ni kutia unga kwanza halafu maji, ukaganda chini kama simenti. Tia maji baridi sana kwanza, kisha unga, kisha tikisa, hata umeme ukikatika huhitaji blenda. Mdalasini kidogo unaibadilisha kabisa. Dada wa lishe aliniruhusu pia kahawa nyeusi, na asubuhi nilichanganya kahawa baridi na vanila. Hiyo ningeinywa hata leo.

Sasa kile kidonge. Siku ya pili ya kopo jipya, nikiwa dukani napima vitenge vya mteja, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, maneno yakawa mazito mdomoni. Mpwa wangu akanipima sukari: imeshuka hadi 3.3. Nilikuwa bado nakimeza kidonge nilichojirudishia, na chakula cha kukihimili hakikuwepo tena. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji vikaniinua, kisha nikampigia daktari, akanikemea kwa haki. Wenye kisukari, nawasihi kwa mapenzi yote: msiguse mlo huu kabla daktari hajapanga upya dawa zenu. Insulini hupunguzwa. Vidonge vya jamii ya gliclazide na glibenclamide mara nyingi husimamishwa. Wanaotumia empagliflozin au dapagliflozin nao huambiwa waache kabla ya upasuaji. Hata dawa yangu ya presha, ile inayokojoza, ilisimamishwa. Hayo si ya kujipangia nyumbani.

Nilikuwa nimejisemea kwamba nafunga Ramadhani tangu nina miaka tisa, siku 14 zitanishinda nini? Ila mwenye kufunga ana adhana ya magharibi anayoingojea. Tende ipo, uji upo, muhogo wa nazi upo. Kwenye mlo huu magharibi inaingia, watoto wanakaa mkekani, na wewe unatikisa chupa. Siku ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Kichwa kiliniuma toka paji hadi kisogo, nikamfokea mume wangu kwa jambo ambalo hata silikumbuki, nikalia bafuni.

Na hapo ndipo supu ilipofanya kazi ambayo kopo haliwezi. Mama alichukua kuku wa kienyeji, akamchemsha kwa tangawizi, kitunguu saumu, kotimiri na ndimu, akaacha ipoe, akaengua mafuta yote yaliyoganda juu, kisha akaichuja kwa kitambaa chake cha kuchujia tui mpaka ikabaki maji safi ya rangi ya chai. Chumvi aliiweka kwa kipimo alichoambiwa. Dada wa lishe alieleza kwamba siku za mwanzo mwili hutoa maji pamoja na chumvi, na maumivu mengi ya kichwa hutokea hapo. Nilikunywa kikombe saa 10 jioni siku ile ya tatu. Kufika magharibi kichwa kilikuwa kimetulia. Kila siku baada ya hapo nilikuwa na vikombe viwili: cha jioni, na cha wakati wa chakula cha usiku, ili nikae mkekani na wenzangu nikiwa nimeshika kitu cha moto chenye harufu ya chakula cha nyumbani.

Kuanzia siku ya tano njaa yenyewe ilipungua. Zilibaki kero mbili. Mdomo unanuka, harufu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa sababu mwili unachoma mafuta. Maji na mswaki vilinisaidia kiasi, karafuu moja mdomoni zaidi. Na choo kinafunga. Kwa hilo niliambiwa nitumie isabgol, yale maganda ya mbegu yanayouzwa maduka ya Wahindi, kijiko kimoja na glasi kubwa ya maji.

Siku ya tisa, Jumamosi, wifi yangu aliolewa Magomeni. Pilau ilipikwa uani, masufuria manne, na upepo ulikuwa unaleta harufu moja kwa moja nilipokaa. Nilikwenda na chupa ya chai imejaa supu ya mama. Shangazi wa mume wangu akaniletea sahani: "Mwanangu, onja japo kidogo, ya harusi haikataliwi." Nikamwambia, "Shangazi, niwie radhi. Ijumaa naingia chumba cha upasuaji, niombee dua." Akaiweka sahani chini, akavuta mkeka, akakaa na mimi mpaka bibi harusi alipotoka. Hakunibembeleza tena, na kila aliyekuja na sahani alimrudisha yeye. Ukiwa na mtu wa namna hiyo pembeni yako, nusu ya mzigo imeondoka.

Asubuhi ya upasuaji mzani ulisoma kilo 122.4. Lakini kilo hizo si hoja. Kesho yake daktari alipita wodini akaniambia ini lilikuwa laini na lilinyanyuka bila shida, akamaliza kwa matundu matano kama alivyopanga. Nililia mbele yake na sikuona haya.

Wapo wanaonifuata dukani wakitaka niwape jina la kopo wakakonde bila upasuaji. Siwapi. Mwezi Novemba 1988 Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, aliingia jukwaani akikokota kigari chenye mafuta ya wanyama, pauni 67, karibu kilo 30, kuonyesha uzito alioupunguza kwa mlo wa majimaji. Baadaye uzito ulimrudia, na amelisimulia hilo mwenyewe mara nyingi. Mlo huu ni wa muda mfupi na una kazi yake, kuliandaa ini chini ya macho ya daktari.

Kopo la vanila nalipa nyota tatu na nusu kati ya tano: linafanya kazi yake, bei ni kubwa, na lebo haizungumzi na sisi. Waagizaji wa bidhaa hizi wabandike hata karatasi ndogo ya Kiswahili. Huduma ya dada wa lishe nyota tano, kwa sababu alinipigia saa 4 usiku na hakunidharau. Kabla hujalipia upasuaji popote, uliza kama utapewa mtu wa lishe wa kumpigia. Ukiambiwa utapewa karatasi tu, endelea kutafuta.

Leo ni wiki ya sita tangu upasuaji. Unga wa vanila bado nautumia, nachukua kijiko kimoja kila asubuhi kwa kahawa baridi, maana chakula laini ninachokula sasa hakitoshi kunipa protini. Kitambaa cha supu mama amekifua, amekirudisha kwenye tui.