TAHADHARI: Huyu "mshauri wa ruzuku za serikali" katupiga, someni kabla hajawafikia na nyie

Wakuu salaam. Naandika hapa roho ikiwa bado inauma ila bora niseme, maana kila siku naona watu kwenye magrupu wanaulizia ruzuku za serikali kwa ajili ya asasi zao na najua kabisa yule jamaa yumo humo humo, anawasoma kimya kimya kama alivyotusoma sisi.

Asasi yetu ni ndogo, watu tisa, leptopu mbili na moja haishiki chaji. Tulikuwa tunatafuta ruzuku ya serikali ya Marekani, zile ambazo baadhi yake hata mashirika yaliyo nje ya nchi yao yanaruhusiwa kuomba. Katibu wetu akauliza tu kwenye grupu moja "jamani nani anajua pa kuanzia", haikupita saa moja ikaingia meseji kwenye simu yangu: "Hongera Mwenyekiti, asasi yako imechaguliwa kwenye mpango wa ruzuzu za serikali." Ndio, kaandika ruzuzu. Nikacheka nikasema kidole kimeteleza. Imechaguliwa na nani sasa, wakati hatujaomba kitu popote? Hapo ndo nilitakiwa nifunge simu nilale. Serikali haikupigii simu wala kukutumia meseji kukupa ruzuku ambayo hujaiomba, hilo hata FTC, ile mamlaka yao inayolinda walaji kule Marekani, wanalisema waziwazi, tena wanaongeza kwamba ukiambiwa ulipie kitu ili upate ruzuku basi ujue umeshakutana na tapeli. Mimi nilikuja kulisoma baada ya hela kutoka, kama kawaida yetu.

Sasa jamaa si mjinga, msije mkadhani alikuja kuomba hela siku ya kwanza. Siku ya kwanza alitupa somo la bure kwa voisi, dakika kumi na kitu, anataja majina makubwa makubwa, anataja idara za afya, anataja elimu, sauti imetulia kama mtangazaji wa redio. Siku ya pili akamwomba katibu hati ya usajili, katiba ya asasi na majina ya viongozi "ili afanye tathmini". Siku ya tatu ndo ikaja ankara. Ada ya usajili kwenye mfumo wa serikali, ada ya namba ya utambulisho, na "kifurushi cha fursa". Jumla yake ilikula zaidi ya nusu ya akiba tuliyokuwa nayo. Mama mweka hazina wetu alikataa kabisa, akasema "mwenyekiti, mbona stakabadhi haina anwani wala sahihi?", na mimi ndo niliyemshawishi. Nimeshamwomba radhi mbele ya wanachama wote na naomba tena hapa.

Nieleze alichotuuzia mjionee wenyewe.

Ile "ada ya usajili": ukitaka kuomba ruzuku za serikali kuu ya Marekani kama shirika, unajisajili kwanza kwenye SAM.gov, halafu maombi mengi yanapitia Grants.gov. Kote huko ni bure. Kujisajili bure, kuhuisha kila mwaka bure (maana usajili unaisha baada ya siku 365 usipouhuisha), na hata msaada ukikwama, dawati lao linakusaidia bure. Kutafuta fursa kwenye Grants.gov ndo kabisa, hata akaunti huhitaji, unaingia unaandika neno unasoma. Ile namba ya utambulisho inaitwa UEI, ina herufi na tarakimu 12, inatolewa humo humo SAM.gov bila senti. Zamani sisi wa nje ya Marekani tulitakiwa tuanze na namba nyingine inaitwa NCAGE, nayo ilikuwa bure, ila siku hizi kwa ruzuku nyingi hailazimishwi.

Halafu kuna kitu ambacho kingenishtua kama ningekuwa nimesoma hata nusu ukurasa. Ankara yake ilisema tunalipia "namba ya DUNS". Hiyo DUNS serikali ya Marekani iliacha kuitumia kwenye usajili tarehe 4 Aprili 2022, nafasi yake ndo ikachukuliwa na UEI. Yaani mtu anajiita mtaalamu wa ruzuku anatuuzia namba iliyostaafishwa! Inaonekana ana ankara moja ya zamani anayobadilisha jina la mteja tu, maana chini kabisa kwenye pdf bado kulikuwa na jina la asasi nyingine, limefutwa nusu. Ukiliburuzia mausi unalisoma lote. Niliwatafuta wale jamaa. Walilizwa vile vile.

"Kifurushi cha fursa" nacho ni kichekesho. Pdf ya kurasa 68, ina nembo, ina rangi, ina picha ya watoto wanacheka. Nikafungua linki ya kwanza, fursa imefungwa. Ya pili, imefungwa. Ya tatu ilikuwa ya serikali za majimbo tu, asasi haziruhusiwi. Tulikaa jioni nzima mimi na katibu tunafungua moja moja, zilizokuwa bado wazi na sisi tunaruhusiwa kuomba zilikuwa mbili, na zote mbili ukiandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia cha Grants.gov zinatokea ukurasa wa kwanza.

Lakini hela siyo iliyotuumiza zaidi. Kilichotuumiza ni kwamba kweli alitusajili. Msishangae. Aliingia kwenye mfumo akafungua usajili wa asasi yetu kwa kutumia imeili yake yeye kama msimamizi, sio imeili ya asasi. Sisi tukafurahi tukaona kazi inafanyika. Sasa kwenye kuandika jina la asasi akafupisha, wakati ule mfumo unataka jina na anwani viwe vile vile kama vilivyo kwenye hati zako, neno kwa neno. Mfumo ukakwama kwenye uhakiki, ukaomba nyaraka za ziada, na ile meseji ya kuomba nyaraka ikaenda kwenye imeili yake. Tukimuuliza anasema "serikali wana mlolongo, vumilieni". Baadaye akasema tuongeze hela ya "kuharakisha". Hamna kitu kama hicho, hakuna foleni ya kulipia huko.

Wiki mbili kabla ya dedilaini ya ruzuku tuliyokuwa tunaiandikia ndo nikajiongeza nikaandika mwenyewe kwa dawati la msaada. Wakanijibu vizuri tu, wakasema shirika lenu tayari lina msimamizi, kama mnataka kumbadilisha leteni barua rasmi iliyosainiwa na uongozi. Tukaandaa barua, tukaituma, tukasubiri, ikarudi ina kasoro, tukatuma tena. Hata mambo yakienda sawa wenyewe wanakuambia usajili unaweza kuchukua siku 10 za kazi au zaidi hadi uwe hai. Dedilaini ikapita Ijumaa moja hivi saa tano usiku kwa saa za kwao, mimi nimekaa naangalia skrini na andiko letu la mradi limekamilika, bajeti imekamilika, barua za washirika zipo, na hatuna njia ya kulituma. Miezi minne ya kazi ya watu wanaojitolea. Tangazo la ruzuku ile halirudi mpaka mwaka ujao kama litarudi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nipe mimi nitawasajilia", hata kama ni mtu mwema, imeili iwe ya asasi, paswedi ikae na asasi, na watu wawili wa ndani wajue kuingia. Huyu alikuwa na nguvu ya kutuzuia kuliko hata tuliyokuwa nayo sisi wenyewe.

Kuna jingine la asilimia. Alitwambia pia tukipata ruzuku tumpe asilimia 15 "ni kawaida ya soko". Si kawaida. Waandishi wa maandiko wanaoheshimu kazi yao wanatoza kwa saa au kwa kazi, na chama chao kikubwa kule Marekani, Grant Professionals Association, maadili yao yanakataza mwanachama kulipwa kwa asilimia ya ruzuku. Sababu iko wazi ukifikiria: ile hela imetolewa kwa kazi iliyoandikwa kwenye bajeti, vipengele vyake vyote vimehesabiwa, sasa asilimia 15 unaichomoa kwenye mstari upi? Wa dawa? Wa mishahara ya walimu? Ukaguzi ukija unajibu wewe mwenyekiti, yeye atakuwa ameshabadilisha laini. Sisemi wote wanaosaidia kuandika ni matapeli, hapana, wapo wazuri na kazi yenyewe ni ngumu inastahili malipo. Ila mzuri atakuuliza kwanza mnafanya nini, mmekwisha fanya nini, hesabu zenu zimekaaje, na mara nyingine atakuambia hamjawa tayari. Huyu wetu hakuwahi kuuliza asasi inafanya kazi gani. Nimeipitia ile chati yote toka mwanzo mpaka mwisho, hajauliza hata mara moja.

Na "tuna uhakika wa kupata" isikudanganye. Ruzuku za ushindani zinasomwa na wasomaji wanatoa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye tangazo lenyewe, hakuna mtu wa nje mwenye uhakika. Halafu nyingi wala hazikupi mzigo wote mkononi, kuna ambazo unatumia kwanza kisha unarudishiwa kwa risiti, zingine zinataka na wewe uchangie sehemu. Jamaa alivyokuwa anaongea ungedhani lori la hela linakuja kupaki mlangoni.

Majina ya tovuti yaangalieni kwa jicho la karibu. Linki aliyotutumia ilikuwa na neno gov ndani yake lakini limekaa katikati, mwisho wake ni .com. Za serikali ya Marekani zinaishia na .gov, za Uingereza .gov.uk (nao wana huduma yao inaitwa Find a Grant, bure). Umoja wa Ulaya wana lango lao la Funding & Tenders, unapata namba ya tarakimu 9 wanaita PIC, hiyo nayo hulipii. Na ukishajisajili SAM.gov jiandae, kuna kampuni zitakuandikia imeili zenye nembo inayofanana na ya serikali, "usajili wako unaisha, bonyeza hapa ulipie". Taarifa nyingi za mashirika yaliyosajiliwa zinaonekana hadharani, kwa hiyo wanajua jina lako na tarehe yako, isikutishe.

Sasa hivi tunafanya wenyewe. Katibu kila Jumatatu anaingia Grants.gov, anachuja kwa aina ya mwombaji, anasoma kwanza sehemu ya nani anaruhusiwa kuomba kabla ya kusoma kiasi cha hela (zamani tulikuwa tunaanza na kiasi, tunapoteza siku nzima kuota). Kila tangazo lina namba yake na lina mtu wa kuwasiliana naye. Tulimwandikia mmoja kuuliza kama asasi ya ukubwa wetu ina maana ya kuomba, tukadhani hatajibu, akajibu kwa mistari mitatu: kwa ukubwa wenu jaribuni kuingia kama mshirika chini ya shirika kubwa kwanza. Ushauri wa mistari mitatu, bure, umetusaidia kuliko kurasa 68.

Kuhusu yule jamaa, laini aliyotumia nimeiripoti, malalamiko tumepeleka FTC kwenye ReportFraud.ftc.gov, na benki tumewapa stakabadhi ingawa hawakutupa matumaini. Ukiwa umeshalipa kama sisi usifute chati hata kama zinakuaibisha, piga skrinshoti zote pamoja na namba na tarehe, na yale makaratasi mliyompa myachukulie kuwa yako mtaani, waambieni benki yenu mapema.

Nilitaka niishie hapa ila juzi imeingia meseji namba mpya kabisa. Wanajitambulisha ni wanasheria wanaorudishia watu hela walizotapeliwa, tena wanajua tulilipa kiasi gani mpaka tarehe, ila kuna ada kidogo ya kufungua faili. Nimesoma mstari wa kwanza nikampa mama mweka hazina simu asome mwenyewe: "Hongera Mwenyekiti, madai yako ya ruzuzu yamekubaliwa."