Blender kwa wanaojifunza kuchonga mwili wa binadamu

Kwa vijana wa Mtwara waliokulia karibu na vinyago vya Kimakonde na sasa wanataka kuchonga wahusika kwa kompyuta, ninaipendekeza Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D, kwa moyo wote, kwa kuwa haina malipo na, ikishapakuliwa, hufanya kazi bila intaneti. Hata hivyo, brashi zake (zana za kuchongea kwenye skrini), ingawa ni nzuri mno, hazifundishi maumbile ya mwili: mwanafunzi lazima ajue mwenyewe kwamba mtu mzima hukadiriwa kuwa na urefu wa vichwa 7 na nusu, kwamba katikati ya urefu huo ni kwenye kinena wala si kitovuni, na kwamba macho hukaa katikati ya kichwa. Matoleo mapya ya Blender huhitaji kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 au zaidi.