Mwalimu wa mbwa wa Uyole: nililipia mbwa afundishwe, kumbe mwanafunzi ni mimi

Wenye mbwa Mbeya hii inawahusu. Nimemaliza wiki 6 na yule jamaa anayefundisha mbwa huku Uyole, anakufuata kwako na pikipiki, 15,000 kwa saa moja. Ukiwa mbali kama Iwambi au Mbalizi anaongeza hela ya mafuta na hasemi mapema, so mkubaliane kwanza.

Mbwa wangu Bosi ni koko wa kawaida, nilimchukua akiwa mdogo alinde baada ya kuibiwa kuku. Nikamlea kama tunavyowalea wote, mchana kafungiwa bandani gizani usiku namfungulia, halafu jirani akaniambia mtilie pilipili kwenye ugali wake atakuwa mkali, na mimi nikatia. Basi mbwa akawa anaharisha na anamrukia kila mtu mpaka mama mkwe, ila siku wezi waliporudi alijificha nyuma ya simtanki aisee.

Kabla ya huyu nilimlipa mwingine, simtaji, yeye akasema mbwa lazima ajue nani mkubwa, mlaze chini kwa nguvu umkandamize shingo. Nilijaribu mara moja tu. Nyuzi 4 mkononi na zile sindano za kichaa juu.

Huyu wa sasa kitu cha kwanza aliomba kadi ya chanjo. Akageuza ndoo akakaa, dakika 20 hafanyi kitu, hamwangalii hata mbwa usoni, anamrushia dagaa mmoja mmoja, mimi pembeni naona hela yangu inaondoka hivi hivi. Mwisho akasema, "Mama, huyu sio mkali, ni mwoga." Mimi nikabisha si anatingisha mkia huyo! Akanionesha: mkia umekakamaa unatetemeka, hiyo sio furaha, mwenye furaha anajitingisha mpaka kiuno.

Hiyo habari ya nani mkubwa nayo akaichana. Ilitoka kwa mbwa mwitu wa Ulaya na Marekani (sio hawa wetu wa Ruaha) waliofungiwa pamoja wakawa wanapigana, mtafiti Mmarekani David Mech akaisambaza kwenye kitabu cha mwaka 1970, halafu mwaka 1999 huyohuyo akaandika kwamba porini kundi ni familia tu, baba mama na watoto, hamna cha kugombea ubosi. Nilidhani ananipiga fiksi, nikagugo usiku, kweli.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya ndala. Bosi akitafuna ndala mchana, nikirudi jioni namchapa, na naapa kabisa anajua kosa lake maana analaza masikio anaangalia pembeni. Kumbe anasoma uso wangu tu. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz aliwajaribu mbwa hukohuko Marekani, akakuta sura hiyo inatokea mwenye mbwa akigomba, hata kama mbwa hajala kitu. Mimi nimechapa miezi mingapi jamani!

Tangu hapo fimbo hakuna. Mchana yupo nje, akitulia mgeni akiingia anapewa kipande cha maini palepale, sio baada ya dakika 5, akichelewa kupewa hajui amelipwa kwa lipi.

Mapungufu yapo. Mvua ikinyesha haji, na mnaijua Mbeya. Simu anapokea anapotaka. Kuku bado Bosi anawakimbiza, hilo halijaisha, na maini yamemnenepesha. Nampa 4 kati ya 5.

Jumapili mama mkwe kaja tena. Bosi kamwona, kaenda kulala kwenye gunia lake kimya. Mama kagoma kuingia, kasimama getini nusu saa kakumbatia mkoba, chai kanywea hapohapo. Huyo sijui nimpeleke kwa mwalimu gani.