Marobota ya nyasi Liwale mjini, nawapa nyota 3

Jina la duka silitaji maana jamaa tunasalimiana, ila kama unafuga huku Liwale utawajua tu. Mi nimenunua kwao mara mbili kiangazi hiki, robota elfu 5, lina kama kilo 15 hivi. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, kwaiyo robota moja ng'ombe wawili, siku moja, limeisha. Ukiwa na 40 utauza nusu ya zizi ulishe nusu nyingine 😂

Mtauliza mbona nanunua na pori lipo. Lipo ila lina wenyewe! Sisi tumepakana na hifadhi, ikifika mwezi wa 8 nyati na pundamilia wanashuka bondeni kwenye unyevu palepale tunapochunga, na nyati ndo balaa maana analisha kama ng'ombe kabisa, nyasi zilezile, afu anakuja usiku wewe umelala, asubuhi unakuta vishina. Swala pala simlaumu sana, yule hata majani ya vichakani anakula.

Haya, marobota ya kwanza safi, bado yana ukijani, yananukia, wenye ndama maziwa yakarudi. Awamu ya pili nakata kamba ndani ukungu mweusi tii. Nimerudisha 6 wakabadilisha 4, hayo 2 naambiwa "mzee wangu yatakuwa yamenyeshewa kwako". Mwezi wa 8? Mvua ipi hiyo Liwale?

Lingine, kijana wa dukani ananing'ang'aniza nilipie na ya kifuku kabisa eti pundamilia watamaliza malisho. Hapo hapana. Kule Laikipia, Kenya, watafiti walipima uzito wa ng'ombe, majibu yakatoka 2011: kiangazi waliolisha eneo moja na wanyamapori hawakunenepa kama waliolisha peke yao, lakini kipindi cha mvua hao hao ndo waliongoza, kwa sababu pundamilia anakula yale mabua magumu yaliyokauka, ng'ombe akija anakuta nyasi laini. Sasa nilipe elfu 5 kifuku ya nini wakati kuna anayenifyekea bure?

Mi nachukua ya mwezi wa 9 na wa 10 tu, ya wanaonyonyesha. Wahini kabla ya korosho maana zikianza fuso zote ziko maghalani na nauli haishikiki. Na mkifika pale kateni kamba robota moja mbele yao kabla hamjatoa hela, wakinuna wanune.